Suruali ya mdogo wangu iko chini ya kitanda

*Barua ya wiki hii imefupishwa kidogo, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mwandishi yamebadilishwa.*

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 36, naishi wilaya ya Mufindi katika kijiji ambacho sitakitaja, maana kwetu hata mbuzi akipotea watu wanajua kaingia shamba la nani. Nakuandikia usiku. Mume wangu amelala na mwanga wa simu nimeupunguza.

Huku kwetu benki ni misindano. Mtu akipata mtoto anapanda ekari moja, mtoto akifika sekondari miti inauzwa. Septemba mwaka jana moto ulianzia bondeni kwenye vinyungu, watu walikokuwa wakiandaa bustani, ukapanda mlima. Ilikuwa mchana, na ule upepo wa kiangazi unaujua. Watu walikimbilia na matawi mabichi na majembe, lakini majani ya misindano yakishakauka pale chini yanashika kama yamemwagiwa mafuta ya taa. Hadi saa mbili usiku zilikuwa zimeteketea ekari 11 za watu sita. Mzee mmoja jirani yetu aliungua mikono yote miwili, mpaka leo jembe halishiki.

Kati ya hao sita yupo mjane mmoja, nitamwita Mama K. Tuko naye kikoba kimoja, kila Alhamisi tunakaa benchi moja. Miti yake ilikuwa ya miaka 9, ekari 3, na mnunuzi alishakuja kuipima. Fedha ile ilikuwa ada ya binti yake chuo cha uuguzi. Binti sasa yuko nyumbani, anakaanga maandazi njia panda.

Mwingine aliyeunguliwa, tena shamba kubwa kuliko wote, ni mtu wa mjini. Eneo lile aliuziwa na marehemu baba. Hapo ndipo maneno yanapoanzia, kwa sababu baba aliuza wakati alishamwambia mdogo wangu wa kiume kwamba pale patakuwa pake. Miaka minne mdogo wangu amekuwa na kinyongo. Kila msimu wa ulanzi akishalewa anasema, "Ipo siku."

Siku ya moto nilikuwa jikoni napepeta maharage. Moshi niliuona kwa mbali nikadhani ni watu wanachoma mashamba kama kila mwaka. Ilipata saa saba kasoro hivi mdogo wangu akaingia kwa mlango wa nyuma. Buti lake la mvua la mguu wa kulia lilikuwa limeyeyuka ncha, limejikunja kama ulimi. Suruali ina matundu ya moto gotini. Aliomba maji, akanywa vikombe viwili amesimama. Akasema bila kuniangalia, "Sasa wataniona mimi." Akavaa suruali ya shambani ya mume wangu, akaondoka. Mimi ile yake nikaitia kwenye beseni nikaifua. Nilikuwa sijajua kitu, Shangazi. Yowe la moto lilifika kwetu naianika.

Siku tatu baadaye alikamatwa, mtoto mmoja mchungaji alisema alimwona bondeni. Askari walikuja na kwangu wakaandika maelezo. Nilisema sikumwona siku ile. Nikasaini.

Ameshtakiwa kwa kuchoma miti ya watu kwa makusudi. Yuko nje, baba mdogo ndiye aliyemdhamini. Mashahidi wawili wa Jamhuri wameshatoa ushahidi. Wakili hatuna, ila kuna mtu mmoja anayejua mambo ya mahakamani ameiambia familia kwamba kinachotakiwa ni shahidi wa kusema alikuwa mahali pengine. Wamekaa, wameona shahidi huyo ni mimi. Niseme alikuwa kwangu tangu asubuhi mpaka jioni akichimba shimo la choo. Mama ameniambia, "Ziwa ulilonyonya ndilo alilonyonya. Ukimwacha akafungwa, na mimi nizikeni." Suruali kaniambia niichome. Sijaichoma. Iko chini ya kitanda kwenye mfuko wa plastiki, na mume wangu hajui.

Alhamisi iliyopita, tukiwa tunahesabu hisa, Mama K kaniuliza taratibu, "Wewe si unakaa karibu na njia ya bondeni? Hukumwona?" Nikamjibu siku ile nilikuwa kliniki. Kanishika goti akasema, "Basi." Tangu siku hiyo silali.

Najua alichoma. Nikisema ukweli anafungwa miaka 14 na mimi ndiye niliyemfunga. Nikisimama kumtetea namwibia Mama K mara ya pili. Nifanye nini?

Niliyechoka, Mufindi

---

Marahaba mwanangu. Na kwa kuwa unatoka Uhehe, kamwene.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma habari ya moto. Mara ya pili nikasoma habari ya mama na watoto wake. Mara ya tatu nikabaki na lile goti. Ningependa uelewe kwamba kukosa usingizi kwa sababu ya goti lililoshikwa siyo udhaifu. Watu wengi wangelala.

Nikikuelewa vizuri, unasema hivi. Kuna kitu ulikiona jikoni kwako ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Polisi ulisema hukukiona. Sasa familia inataka useme uliona kitu kingine kabisa. Rafiki yako aliyepoteza akiba ya miaka 9 anakuuliza uso kwa uso. Wewe umeshajihukumu pande zote mbili: ukisema umemsaliti ndugu, ukinyamaza umemsaliti rafiki. Umenipa milango miwili, na yote umeshaipiga muhuri kwamba inaingia kuzimu.

Tuanze na neno moja ambalo umeliandika kwa haraka na kulipita: "Najua alichoma."

Hebu turudi jikoni. Unachojua ni buti lililoyeyuka ncha, suruali yenye matundu, vikombe viwili vya maji, na maneno matatu. Hayo umeyaona na kuyasikia. Mengine yote umeyaunganisha baadaye, baada ya yowe, baada ya kukumbuka "ipo siku" za kilabuni. Huenda umeunganisha sawasawa. Lakini yasome yale maneno upya: "Sasa wataniona mimi." Mtu mwenye kinyongo anaweza kuyasema kwa maana ya watanikoma, watanitambua. Mtu aliyekuwa akichoma majani kwenye kinyungu chake, upepo ukamzidi, akaupigapiga moto kwa mguu mpaka buti likayeyuka, naye anaweza kuyasema yaleyale neno kwa neno: sasa wataniona mimi ndiye, maana kila mtu anajua ugomvi wangu na shamba lile. Mimi sijui ni ipi kati ya hizo. Ninachokiona ni kwamba hata wewe hujui, na umeishi miezi kadhaa kama unayejua.

Tena kuna jambo lilinishangaza. Katika barua yako mama amesema, baba mdogo ametajwa, Mama K amesema, hata yule mjuzi wa mahakama amesema. Aliyeshtakiwa ana maneno matatu tu, ya siku ileile. Baada ya hapo haonekani kuulizwa na mtu yeyote wa nyumbani kwenu. Mnamtetea au mnamhofia, lakini hamjamuuliza. Au mlimuuliza na hukuandika?

Nakukumbusha Kilimanjaro, Oktoba 2020. Mlima ulipowaka, kila mtu alikuwa na mhalifu wake tayari: mara warina asali, mara majangili, mara mtu fulani ana hasira na hifadhi. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilipotoa maelezo ya awali ikasema moto ulianzia eneo la Whona, kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Chakula! Sisemi moto wenu ni kama ule. Kwenu kuna ugomvi wa ardhi uliodumu miaka minne, na wakazi wa nyanda za juu wanajua kwamba moto wa kulipiza kisasi kwenye mashamba ya miti si hadithi ya kubuni. Nasema tu kwamba ukubwa wa hasara haukuambii kilichokuwa moyoni mwa mtu aliyeshika kiberiti.

Na sheria inalijali hilo la moyoni, zaidi ya watu wengi wanavyodhani. Katika Sheria ya Kanuni za Adhabu, kuchoma miti iliyopandwa ni kosa pale mtu anapofanya kwa makusudi na bila haki, na hapo ndipo inapotoka hiyo miaka 14 unayoiogopa. Lakini 14 ni dari. Mahakama haiwezi kuipita, wala hailazimiki kuifikia. Moto uliomtoroka mtu kwa uzembe ni jambo jingine, na adhabu zake ni nyingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo ina masharti yake kuhusu kuwasha moto na kuuacha bila kuuzima, na bila shaka kijiji chenu kina sheria ndogo. Kwa hiyo kati ya "alichoma" na "moto ulimshinda" kuna miaka mingi ya maisha ya mtu.

Usidhani kusema "ilikuwa ajali" kunatosha. Australia, tarehe 7 Februari 2009, moto uliwaka jimbo la Victoria na watu 173 wakafa siku hiyo. Moto mmojawapo, wa Churchill, ulimfikisha mwanamume mmoja mahakamani. Alikana kwamba aliuwasha kwa kusudi, akasema ilikuwa ajali ya sigara. Kesi nzima ikawa juu ya hilo moja: alikusudia au hakukusudia? Mwaka 2012 baraza la wazee wa mahakama la kwao halikumwamini, akahukumiwa miaka 17 na miezi 9. Nakueleza hili kwa sababu swali ambalo nyumbani kwenu mmeliruka ndilo ambalo mahakama itakaa nalo muda mrefu kuliko yote.

Sasa tuje kwenye choo.

Mwanangu, kabla hata ya kuzungumzia dhambi, tuzungumze hesabu. Polisi uliwaambia hukumwona mdogo wako siku ile, ukasaini. Karatasi hiyo iko kwenye jalada. Leo unaambiwa usimame useme alikuwa kwako kutwa nzima akichimba shimo. Mwendesha mashtaka atakuachia umalize kwa utulivu, kisha atakuomba usome sahihi yako. Halafu atakuuliza shimo lilifika futi ngapi, mlikula nini mchana, nani mwingine alikuwepo, na mume wako alikuwa wapi. Na mume wako, ambaye hajui habari ya suruali, anajua kabisa kama kuna shimo lililochimbwa uani kwake au hakuna. Yule mjuzi wenu alikwambia hilo? Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, nimekaa sana kwenye mabenchi ya nje ya mahakama, na mawakili wa kishoka nawafahamu. Wanajua njia ya kuingilia. Siku ya kutokea huwaoni.

Mengine mawili hajawaambia. Utetezi wa kusema mshtakiwa alikuwa mahali pengine una utaratibu wake: taarifa hutolewa mapema, kabla kesi haijaanza kusikilizwa, na ikicheleweshwa, basi walau kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Ukiletwa ghafla mwishoni mahakama ina ruhusa ya kutoupa uzito wowote. La pili, kusema uongo chini ya kiapo ni kosa lenye kifungo kinachoweza kufika miaka 7. Kwa hiyo familia yenu inaweza kuanza na mtu mmoja kizimbani na kumaliza na wawili. Tena uongo wa utetezi ukigundulika unaweza kuupa nguvu ushahidi ambao peke yake ulikuwa dhaifu. Mtoto mchungaji kumwona mtu bondeni msimu wa vinyungu ni ushahidi wa nini? Nusu ya kijiji ilikuwa bondeni. Kazi ya kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ni ya Jamhuri. Mdogo wako halazimiki kuthibitisha kwamba hakuwepo. Huenda mnataka kumwokoa kwa kamba ndiyo ile itakayomnyonga.

Hapo sijakuambia usiende. Nimekuonyesha njia ilivyo, miguu ni yako.

Upande wa pili uliouwaza ni kwenda polisi ukaseme kila kitu. Nao nataka uutazame bila kujidanganya. Kwa sheria yetu mke au mume ana nafasi ya kipekee linapokuja suala la kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake. Dada hana. Ukiitwa na mahakama utapaswa kwenda, na ukienda utaapishwa. Kwa hiyo ile njia ya tatu unayoitamani kimoyomoyo, ya kukaa kimya na pande zote zikusahau, ipo, lakini haiko mikononi mwako peke yako. Ukienda mwenyewe polisi, utaanza kwa kukiri kwamba maelezo ya kwanza hayakuwa ya kweli, na hilo halifanywi mtu akiwa peke yake na hofu yake. Halafu kuna nyumbani. Mama yako anaweza asikuite jina lako kwa miaka. Watoto wako watasemwa kisimani. Na pengine, baada ya yote hayo, ikaja kuonekana kwamba ulichopeleka ni buti na maneno matatu.

Lakini umeandika pia "mimi ndiye niliyemfunga." Hapo nakusimamisha kidogo, mwanangu. Ikiwa aliwasha kwa kusudi, hujamtuma wewe. Ikiwa hakukusudia, aliyekaa kimya wakati mzee wa watu anaungua mikono si wewe. Na kama mahakama itamwona na hatia, kutakuwa na mchungaji, kutakuwa na askari, kutakuwa na hakimu, na kutakuwa na yeye. Kwa nini katika hadithi hii yote wewe ndiye unayebeba mzigo kwa kichwa na wengine wanatembea mikono mitupu? Najua jibu mojawapo: kwa sababu ni binti mkubwa. Nyumba nyingi za kwetu binti mkubwa hugeuzwa ghala, kila mtu anakuja kuhifadhi kwake kitu asichotaka kukiona. Wewe umehifadhishwa suruali.

Kuna uwezekano mwingine ambao barua yako haikuugusa, na nauweka mezani ili uwepo tu. Kama kuna alichofanya, anaweza kukisema yeye mwenyewe. Tangu 2019 sheria yetu inaruhusu mshtakiwa na upande wa mashtaka kufikia makubaliano ya kukiri kosa, na mazungumzo hayo yanaweza kugusa ni kosa lipi hasa anakiri na fidia gani atalipa. Ina hatari zake: anayekiri anabaki na hatia kwenye rekodi, na mtu asiye na wakili anaweza kukubali kitu ambacho hakukifanya ili mambo yaishe. Tena wazee wakikwambia "tutakaa tutayamaliza, kesi itafutwa," ujue kwamba kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mama K akisamehe, kesi haifi. Ila msamaha wake, na mikono ya familia yenu kurudi kwenye lile shamba kuchimba mashimo na kuotesha miche, ni vitu ambavyo mahakama inaweza kuvisikia wakati wa kupima adhabu. Na hata isivisikie, miche itaota.

Ndiyo maana neno nililolitafuta kwenye barua yako nikalikosa ni wakili. Si lazima awe wa fedha nyingi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi wilayani na vijijini, na ofisi ya halmashauri itakuelekeza alipo wa karibu. Wasaidizi hao hawawezi kusimama mahakamani badala ya wakili, lakini wanajua wapi pa kumpata anayeweza. Mdogo wako anahitaji wake. Wewe unahitaji wako, siyo huyohuyo, maana maslahi yenu kwenye jambo hili yanaweza kupishana. Ulichosaini polisi, suruali uliyoifua, unachoombwa kusema: hayo mpelekee wakili wako yote kama ulivyonipelekea mimi. Kuifua suruali kabla hujajua lolote ni jambo moja. Kuichoma leo, ukijua, ni jambo jingine kabisa. Mama anakuomba uvuke mpaka huo kwa kiberiti kimoja.

Nilitaka kukuambia umkalishe mdogo wako, umpikie chai, umuulize: "Siku ile ulisema wataniona mimi. Ulimaanisha nini?" Nilikuwa nimeshaiandika sentensi hiyo nikaifuta, kwa sababu ina mwiba. Atakachokwambia yeye hakina kinga. Siku ukiapishwa unaweza kuulizwa nacho. Atakachomwambia wakili wake kina kinga. Kwa hiyo huenda swali hilo linafaa kuulizwa kwanza na mtu ambaye hawezi kulazimishwa kulirudia. Lakini naelewa pia kwamba kuna swali la kisheria na kuna swali la dada, na wewe umeishi miezi yote hii na kaka wa kufikirika kwa sababu yule halisi hujakaa naye. Unaweza kukaa naye bila kumuuliza ya moto. Unaweza kumwambia ukweli mmoja ambao ni wako mwenyewe: kwamba kesho au keshokutwa ukisimama popote, hutasema alikuwa akichimba choo, au kwamba hujui kama utaweza. Tazama atakavyolipokea. Mtu anayekupenda na anayekutumia hawapokei habari hiyo kwa sura moja.

Mama yako naye usimwone adui. Mwanamke aliyezika mume, sasa anaambiwa mwanawe anaweza kuondoka miaka 14, ataomba chochote. Amekuomba uongo kwa sababu ndicho kitu pekee alichoambiwa kinasaidia. Akikaa na mtu anayejua sheria kweli, akaelezwa kuhusu ile sahihi yako kwenye jalada, pengine atakuwa wa kwanza kukuzuia. Mume wako, hilo ni la nyumba yako, sitaliingilia sana. Ila suruali yake ya shambani ilitoka ndani ya nyumba yake ikaenda na mtu aliyekuja kukamatwa. Siku atakapokumbuka kuiulizia, ingekuwa heri awe ameshasikia kutoka kwako.

Halafu Mama K. Kama utamwambia ulichokiona au hutamwambia, na lini, hilo linaweza kusubiri. Benchi la kikoba si mahali pa kutolea ushahidi, na neno likitoka pale kabla ya Ijumaa liko njia panda linakaangwa na maandazi. Lakini ile kliniki, mwanangu. Uongo huo hukuombwa na mtu. Ulikutoka mwenyewe. Kama utakaa naye tena Alhamisi, unaweza kujaribu sentensi fupi tu: "Mama K, siku ile uliniuliza nikakujibu vibaya. Kesi iko mahakamani, siwezi kuizungumza." Najua sentensi hiyo nayo inasema kitu. Ataisikia. Pengine atahama benchi, na hilo ujiandae nalo. Ndiyo maana sikuambii uiseme. Nakuambia ipo.

Jambo moja hukuniandikia: kesi imepangwa tarehe ngapi? Kama ni wiki ijayo, wakili ndiye wa kwanza, mengine yote yasubiri. Kama kuna mwezi mzima, una nafasi ya kukaa na mama kwanza. Angalia ile karatasi ya dhamana kwa baba mdogo, tarehe imeandikwa hapo, kisha uniandikie. Na mfuko ule wa plastiki, kwa sasa, usiuguse.

Shangazi